Leza ya sikio kwa mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma: je, tuuze shamba?

*"Daktari, mwanangu ana miaka 5, yuko PP2 hapa Kayole. Tangu mwaka jana mwalimu analalamika kwamba hasikilizi. Nyumbani anaongeza sauti ya televisheni hadi majirani wanagonga ukuta, na ukimwita akiwa amekupa mgongo haitiki. Nilidhani ni utundu. Miezi minne iliyopita alipimwa, tukaambiwa ana maji nyuma ya ngoma za masikio, pande zote mbili. Ametumia antibiotiki mara tatu na dawa za mafua, maji bado yapo. Sasa tumeambiwa awekewe mirija midogo ya plastiki kwenye ngoma. Shemeji yangu aliye Ujerumani ametutumia video ya upasuaji wa leza: dakika chache tu, mtoto halazwi usingizi, na hakuna kitu kinachoachwa sikioni. Mume wangu yuko tayari tuuze kipande cha shamba tumpeleke nje. Mama mkwe naye anasema ni maji ya kuoga, anamtilia mafuta ya uvuguvugu yenye kitunguu saumu. Naogopa nusu kaputi, na naogopa zaidi mwanangu asije akawa kiziwi. Nifanye nini?"*

Mama, shamba liacheni kwanza. Leza ya sikio, yaani kutoboa tundu kwenye ngoma kwa mwanga mkali, ni tiba ya kweli, na shemeji yako hakukudanganya: kazi yenyewe ni ya dakika chache, na haiachi kitu ndani ya sikio. Lakini kwa mtoto wa hali ya mwanao, huko kutoacha kitu ndiko kunakoipunguzia leza nguvu. Nitakueleza kwa nini. Nikiwa nimemaliza, natumaini utaingia hospitali ukiuliza tundu litakaa wazi kwa muda gani, kabla ya kuuliza limetobolewa kwa chombo gani.

Nianze na mafuta, maana hilo ni la leo jioni. Maji yaliyo ndani ya sikio la mwanao hayakutoka bafuni. Njia ya nje ya sikio inaishia kwenye ngoma, na ngoma nzima haipitishi maji. Yale yaliyo nyuma yake yametengenezwa na mwili wenyewe. Kwa hiyo mafuta hayayafikii kamwe. Yakiwa ya moto kupita kiasi yatamuunguza, ngoma ikiwa na tundu tusilolijua yataingiza vijidudu ndani, na hata yasipodhuru yatamzuia daktari kuiona ngoma siku ya kupimwa. Najua si rahisi kumkataza mama mkwe. Mwambie kwa heshima kwamba daktari amekataza kabisa kitu chochote kutiwa sikioni, lawama iwe yangu.

Sasa, maji hayo yanatoka wapi? Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo ambacho kinapaswa kuwa na hewa. Hewa hiyo huingia kupitia mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua, mrija wa Eustachio. Kila tunapomeza mate au kupiga miayo, mrija hufunguka kidogo, hewa mpya ikaingia. Ni muhimu kuingia kwake, kwa sababu ngozi laini ya chumba hicho hufyonza hewa iliyomo mchana na usiku. Mrija ukiziba, hewa inapungua, ngoma inavutwa ndani, na ngozi hiyo inaanza kutoa majimaji. Hali ikiendelea kwa wiki nyingi, ngozi yenyewe inabadilika na kutoa ute mzito unaonata. Ndiyo maana video nyingi za upasuaji huonyesha ute unaovutika badala ya maji.

Watoto wanapata shida hii kuliko sisi kwa sababu ya maumbile. Mrija wa mtoto mchanga una karibu nusu ya urefu wa ule wa mtu mzima, umelala karibu sawa na ardhi, na kuta zake ni laini. Kadiri fuvu linavyokua unarefuka na kuinama, na kufikia miaka 7 hivi unakaribia umbo la mtu mzima. Nyuma ya pua pia kuna adenoidi, ambazo wengi huziita nyama za pua, na katika umri wa mwanao huwa kubwa, jirani kabisa na mlango wa mrija. Ongeza mafua ya kuambukizana darasani, baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti tunapofunga madirisha yote, moshi wa sigara au wa jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, na utaona kwa nini watoto walio wengi hupata maji haya angalau mara moja kabla ya kuanza shule. Wengi wao hupona bila mtu kujua walikuwa nayo.

Ngoma iliyotiwa uji nyuma ya ngozi hailii. Ndivyo anavyosikia mwanao. Kwa wastani, maji haya hupunguza usikivu kwa desibeli 25 hadi 30, na kwa wengine hufika 50. Mnong'ono una karibu desibeli 30, mazungumzo ya kawaida karibu 60. Mtoto kama huyo anasikia kwamba mtu anaongea, lakini herufi nyepesi zinampotea. Mwalimu akisema saa, taa, kaa au paa, yeye anaweza kupata "aa" peke yake. Mkiwa wawili nyumbani na anakuona mdomo, ataelewa. Mweke kwenye darasa la watoto wengi chini ya paa la mabati siku ya mvua, atapotea, kisha atachoka kujaribu, kisha ataanza kucheza na wenzake. Huo si utundu, na kama amechapwa kwa ajili hiyo, mkumbatie na umweleze kwamba sasa tumejua.

Kuhusu ukiziwi: upungufu unaoletwa na maji haya ni wa kuzuiwa kwa sauti njiani. Mshipa wa fahamu wa kusikia haujaguswa. Maji yakiondoka, usikivu hurudi. Siwezi kukuapia kwamba hakuna lolote lingine kwa mwanao mpaka apimwe, lakini maji peke yake hayamfanyi mtoto kuwa kiziwi wa kudumu. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa Pittsburgh, Marekani, ambao huwapa wazazi moyo. Watoto wenye afya ya kawaida waliokuwa na maji kabla ya kutimiza miaka 3 waligawanywa: wengine waliwekewa mirija mara moja, wengine wakasubirishwa miezi kadhaa. Walifuatiliwa hadi umri wa miaka 9 hadi 11, na makundi hayo mawili hayakutofautiana katika lugha, kusoma wala akili. Huo ulikuwa ni umri mdogo kuliko wa mwanao, na hausemi tupuuze mtoto anayehangaika darasani. Unachosema ni kwamba hakuna mlango unaofungwa wiki hii. Una muda wa kuchagua vizuri.

Dawa alizopewa hazikufaulu kwa sababu hazina uwezo huo. Dawa za mafua na za mzio zimechunguzwa mara nyingi kwa maji haya na hazisaidii, ila zinaleta usingizi na ukali. Antibiotiki hazipendekezwi kwa maji yasiyo na homa wala maumivu. Hata vidonge vya steroidi havileti nafuu inayodumu. Ukienda duka la dawa ukapewa kozi ya nne, ikatae.

Kilicho na ushahidi ni muda, kwanza. Sehemu kubwa ya maji yanayobaki baada ya mtoto kuumwa sikio hukauka ndani ya miezi 3, ndiyo maana madaktari hungoja kiasi hicho kabla ya kuzungumzia upasuaji. Mwanao ameshapita hapo, na pande zote mbili, kwa hiyo aliyewatajia mirija hakukurupuka. Ila nina swali: je, alipimwa usikivu? Hujautaja popote. Kumulika sikio kwa tochi hakutoshi. Anahitaji vipimo viwili. Timpanometri ni kifaa kidogo kinachosukuma hewa polepole sikioni na kuchora mchoro. Mchoro ukiwa bapa, ngoma haichezi, na mara nyingi nyuma yake kuna maji. Huchukua dakika moja na hakiumizi. Cha pili ni kipimo cha usikivu chenyewe kwa vipokea sauti, na mtoto wa miaka 5 hukifanya vizuri kikigeuzwa mchezo. Bila namba hizo mbili, tunakata shauri gizani.

Ukitaka la kufanya wakati wa kungoja vipimo, lipo puto maalumu ambalo mtoto hulipuliza kwa pua, tundu moja baada ya jingine, ili kuusukuma mrija wa Eustachio ufunguke. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015, wa watoto wa miaka 4 hadi 11, ulionyesha kwamba baada ya miezi 3 karibu nusu ya waliopuliza walikuwa na mchoro wa kawaida angalau katika sikio moja, ukilinganisha na asilimia 38 ya wasiopuliza. Faida si kubwa, lakini ni ya kweli, na haina kisu. Inataka mara tatu kwa siku na mzazi mwenye subira.

Tuje kwenye leza. Inayotumika zaidi kwa ngoma ni ya kabonidayoksaidi, na ilianza kuripotiwa kwa kazi hii miaka ya 1980. Mwanga wake hufyonzwa na maji kwa haraka sana, kwa hiyo hauendi kina. Kwa chini ya sekunde moja unatoboa tundu la milimita 2 hivi, na ute ulio nyuma ya ngoma hunywa nguvu iliyobaki, ukazikinga sehemu za ndani. Hofu kwamba leza inaunguza ubongo haina msingi. Joto hukausha kingo za tundu, damu haitoki, na kwa sababu hiyo ngozi ya ngoma huchelewa kuliziba. Tundu la kisu kidogo huziba ndani ya siku chache. La leza hukaa wazi wiki 2 hadi 3.

Wiki 3 ni nyingi kwa tundu, lakini ni kidogo sana kwa ugonjwa huu. Kumbuka tulikotoka: shida ya msingi ni hewa kukosa njia kwa miezi. Kunyonya ute siku moja ni kufuta sakafu. Ngozi iliyobadilika ndani ya chumba kile inahitaji hewa kwa muda mrefu ili irudi hali yake, na mrija wa Eustachio unahitaji muda wa kukua, adenoidi nazo kusinyaa. Tundu likiziba wiki ya tatu na mwanao akapata mafua wiki ya nne, mnarudi mlikoanzia.

Hili limepimwa kwa haki. Huko Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa 2004, watoto 208 walitibiwa sikio moja kwa leza na la pili kwa mrija, ndani ya upasuaji uleule. Baada ya miezi 6, masikio ya leza yaliyokuwa bado mazima yalikuwa asilimia 40. Ya mrija yalikuwa 78. Mtoto ni yuleyule, pua ni ileile, mafua ni yaleyale. Sijaona hoja ya kuipiga teke tofauti kama hiyo.

Je, leza haina nafasi? Inayo, pale hewa inapohitajika kwa muda mfupi: mtu mzima aliyezibwa sikio na safari ya ndege, au mtoto mkubwa mtulivu ambaye familia yake imekataa kabisa mrija na inaelewa kwamba huenda ikarudia. Wapo pia wapasuaji wanaoitumia wakati wa kutoa adenoidi, wakitegemea kutolewa kwake kufanye kazi iliyobaki. Kuhusu kutolazwa usingizi, yule wa kwenye video huenda alitiwa matone ya ganzi. Inawezekana kwa mkubwa. Mtoto wa miaka 5 aliyeogopa, anayetakiwa kutulia kabisa huku kichwa kimeshikwa na mwanga wa leza umeelekezwa sikioni, ni jambo jingine, na mara nyingi hata kwa leza huishia kupewa usingizi. Faida uliyoitaka inakuwa imeyeyuka.

Mrija mdogo, grometi, ni kipande cha plastiki chenye umbo la kishikizo, kidogo kuliko punje ya mchele. Daktari hutoboa ngoma, hunyonya ute, hukipachika hapo. Hukaa miezi 6 hadi 12 hivi, wakati mwingine zaidi, kisha ngoma hukisukuma nje chenyewe. Wazazi wengi huniambia mtoto alishtuka kusikia matatu ikipiga honi jioni hiyohiyo. Lakini nikupe upande wa pili pia. Faida kubwa ya usikivu ni ya miezi 6 hadi 9 ya kwanza. Baada ya mwaka mmoja na nusu, waliowekewa na wasiowekewa hulingana, kwa sababu wengi hupona. Unachonunua ni mwaka wa kusikia vizuri, na kwa mtoto anayejifunza kusoma mwaka huo una thamani. Madhara yapo: baadhi hutoka uchafu sikioni, ngoma inaweza kubaki na kovu jeupe lisilosumbua, na kwa watoto wachache sana, kama 2 katika 100, tundu halizibi lenyewe. Wengine huhitaji mirija mara ya pili.

Hapo ndipo adenoidi zinapoingia. Kwa mtoto wa miaka 4 na kuendelea, kuziondoa kunapunguza uwezekano wa maji kurudi. Hivyo jijibu mwenyewe moyoni: je, analala mdomo wazi? Anakoroma? Kuna usiku pumzi hukatika kidogo kisha anashtuka? Kama ndiyo, mwambie daktari bila kungoja kuulizwa, maana huenda yakafanywa yote mawili kwa usingizi mmoja.

Nusu kaputi inatisha, najua, hata mzazi ambaye ni daktari hutetemeka mlangoni. Kuweka mirija huchukua takriban dakika 10 hadi 15, na mtoto hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mambo yanayolinda maisha yako mikononi mwako na mwa hospitali. Wewe: asile chochote kwa saa mlizoambiwa, hata biskuti ya kumbembeleza, na useme ukweli kama ana mafua, kikohozi cha pumu, au kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida akilazwa usingizi. Hospitali: muulize mtaalamu wa usingizi kama ana uzoefu wa watoto. Hilo ni swali la haki, asikasirike mtu.

Baada ya hapo kuoga ni kawaida, epuka tu kumzamisha kichwa kwenye maji ya sabuni au machafu. Sikio likitoa uchafu, tiba ni matone ya antibiotiki kama siprofloksasini, si vidonge. Matone ya jentamisini usikubali yatiwe kwenye sikio lenye tundu, kwa sababu yanaweza kudhuru sikio la ndani, na bado yanauzwa kirahisi madukani.

Kwa hapa Nairobi, njia si ngumu mno. Unaweza kuanzia hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe, kama Mama Lucy Kibaki, ukaomba barua ya rufaa kwenda kliniki ya masikio, pua na koo ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wapo pia maafisa wa kliniki waliosomea masikio, na wanaijua kazi hii vizuri. Kama mna uwezo wa hospitali binafsi, waulizeni mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipia nini na mtatoa nini mfukoni, kwa maandishi. Mirija inawekwa hapa hapa mjini, hakuna sababu ya ndege.

Kesho asubuhi zungumza na mwalimu. Mtoto akae mbele, sikio linalosikia vizuri zaidi likimwelekea mwalimu, na aitwe jina kabla ya kupewa maagizo. Nyumbani zima televisheni unapoongea naye, chuchumaa akuone uso. Hakuna dawa yenye faida ya haraka kama hiyo.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Uvimbe au wekundu nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, homa na maumivu makali, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu cha kuanguka, au kutapika na shingo kukakamaa: hayo ni ya hospitali usiku huohuo. Usaha wenye harufu mbaya unaojirudia ni ugonjwa mwingine, apelekwe wiki hiyo. Mtoto mwenye mdomo sungura au paa la kinywa lililopasuka, mwenye hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Down, au aliyechelewa kusema asisubirishwe ile miezi 3. Na kwa kuwa wakubwa nao husoma hapa: mtu mzima mwenye maji upande mmoja tu, bila mafua ya kueleweka, achunguzwe nyuma ya pua haraka, kwa sababu uvimbe wa saratani unaweza kuwa umejificha hapo.

Jambo la mwisho, na wengi hulisahau. Foleni ya upasuaji inaweza kuwa ndefu, na masikio ya watoto hubadilika, hasa baridi ikishapita. Ombeni timpanometri irudiwe siku chache kabla ya tarehe mliyopewa. Mchoro ukiwa umerudi kawaida pande zote mbili, upasuaji uahirishwe, naye apimwe tena baada ya miezi 3.